Siku za Boza Inachemsha

Dija mwanangu,

Wewe umekwenda Kwedizinga kumuaga bibi yako, na mama yako yuko sokoni anatafuta kikombe cha bati chenye mfuniko, ambacho anasema mwanafunzi hawezi kuishi bila hicho. Nyumba iko kimya. Nimekaa barazani na daftari lako la kidato cha pili. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu, usinigombeze. Sasa ni alasiri. Nina muda mpaka pikipiki ya Hamisi ikurudishe, na kwa jinsi ninavyokujua unavyoagana na watu, nina muda mrefu.

Zile salamu za mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako, tuziruke, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na umeniona nilivyo. Tuziruke pia habari za shuka, ndala za bafuni, na kutoazimana nguo na wasichana wa bwenini. Mama yako amekwisha kukueleza mara tatu, na kesho hapo Segera kabla basi la Arusha halijaondoka atakueleza mara ya nne. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo tangu mwaka jana, na kila nikifungua mdomo kulisema najikuta nauliza kama kuku wamefungiwa.

Ni habari ya ile mashine ya kuoshea vyombo ya Mzee Athumani.

Najua umeguna. Utasema, Baba, mashine ile niliitumia mimi mwenyewe miezi sita, unanieleza nini? Ni kweli ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa upande wa sinki na mimi upande wa bisibisi, na liko jambo nililoliona mimi peke yangu nikalificha. Kesho unakwenda kusomea umeme. Nisiposema leo, utakwenda ukiwa na shaka na macho yako mwenyewe, na shaka hiyo niliitia mimi, baba yako. Siwezi kukupandisha basi na mzigo huo.

Basi acha nianze mwanzo, hata pale unapopajua.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, na nikamwomba Mzee Athumani akuchukue hotelini kwake uoshe vyombo badala ya kukaa nyumbani ukigombana na redio. Mwezi ule ule akanunua ile mashine, mtumba, kwenye hoteli moja ya Dar es Salaam iliyofunga biashara, ikaja juu ya lori la machungwa lililokuwa linarudi tupu. Ilishushwa na watu wanne. Jikoni walisimama wote kuitazama, na vitufe vyake vimeandikwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mama Shukuru, ambaye ameosha sahani za hoteli ile tangu ikiwa kibanda cha mabati, aliizunguka mara moja, akajifunga kanga upya.

"Haya, mke mwenza amefika," akasema. "Karibu mwenzangu. Ila kwangu kuna kazi, hakuna kupaka wanja."

Jina likabaki hilo. Mke Mwenza kafanya hivi, Mke Mwenza leo kanuna. Na kazi aliifanya kweli. Basi likisimama pale, abiria wana dakika ishirini za kula, na sahani hazitoshi mpaka zioshwe hapo hapo zirudi mezani. Kwa mara ya kwanza niliwaona wewe na Mama Shukuru mmekaa kwenye ndoo zilizofunikwa mnakula machungwa huku vyombo vikijiosha.

Halafu ikaanza kuosha kwa maji ya baridi. Taa zinawaka, inaunguruma, maji yanazunguka ndani, ila ukifungua mlango sahani ni za baridi na mafuta ya pilau yameganda pembeni. Siku nyingine zinatoka za moto huwezi kuzishika. Siku nyingine baridi. Mzee Athumani akaniita.

Nilifika na boksi langu la vifaa, nikalala chini, nikaomba mtu wa kunishikia tochi. Ukaja wewe na povu mikononi. Nikafungua bati la chini, nikaiona hita. Ilikuwa imevaa chokaa nyeupe, maana maji ya kisima cha hapa unayajua, hata birika letu lina gamba ndani. Nikasema palepale, "Hita imekufa hii."

Sikuipima, Dija. Mita ilikuwa ndani ya boksi, karibu na goti langu. Ni kazi ya dakika moja: unachomoa waya ukutani, unagusa ncha mbili, mita inakwambia hita ni nzima au imekatika. Sikuipima kwa sababu Mzee Athumani alikuwa amesimama nyuma yangu pamoja na wapishi wawili, na nilitaka waone fundi anayejua kwa macho.

Ndipo uliposema, taratibu, kama mtu anayeokota kitu chini, "Baba, siku za boza inachemsha."

"Nini?"

"Siku boza la maji likija kujaza tangi, sahani zinatoka za moto. Na kesho yake. Halafu zinaanza kuwa za baridi tena mpaka boza lije. Nimeangalia wiki tatu."

Wapishi wakacheka, na Mzee Athumani pia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Nikasema, "Maji na umeme wapi na wapi, mama? Shika tochi vizuri, usinimulike usoni."

Nakuita mama kwa kuwa una jina la mama yangu, na siku zote nimelitamka kwa heshima. Siku ile nililitamka ili watu wacheke. Nilikuona unainamisha kichwa na tochi inatulia pale nilipotaka, na haikutikisika tena mpaka nilipomaliza.

Hita mpya ikaletwa na basi kutoka Dar. Nikaifunga siku ya Jumatano, na asubuhi ya Jumatano ile boza lilikuwa limekuja. Unaona ninakoelekea. Maji yakachemka, sahani zikatoka zinafuka mvuke, Mzee Athumani akaniletea sahani ya pilau na paja zima la kuku. Nikalila mbele yako, wewe umesimama unafuta meza.

Jumamosi maji yakawa ya baridi.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema "sijui". Ni neno dogo, hata mtoto wa chekechea analo. Lakini mimi nilifundishwa kazi Korogwe, Manundu, na fundi mmoja aliyekuwa hodari sana wa mikono na mwoga sana wa neno hilo. Alikuwa akituambia, "Fundi akisema sijui, mteja anahama. Taja kitu. Chochote. Ukikosea utataja kingine kesho." Tulikuwa vijana watatu, tukalimeza hilo pamoja na chai yake ya saa nne. Mambo mengine mengi mazuri aliyonifundisha nimeyasahau, hili likabaki.

Na halikunianzia kwa Mzee Athumani. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi, niliitwa kwetu Kwedizinga kutazama mashine ya kusaga. Ilikuwa imezimika. Watu wamejaa, wanawake na ndoo zao, na bibi yako katikati yao anawaambia kwa Kizigua kwamba fundi huyu ni wangu, nimemzaa mimi. Ningewezaje kusema sijui mbele ya maneno hayo? Nikasema mota imeungua. Wiki nzima kijiji kilikwenda kusaga kijiji cha pili, na bibi yako naye, debe kichwani, kwenda na kurudi, anawaambia wenzake wavumilie, mwanangu amesema ni mota. Niliporudi kuing'oa hiyo mota nikakuta waya mmoja umelegea nyuma ya swichi. Niliukaza nikiwa peke yangu, nikawaambia nimeifufua. Bibi yako alinipikia kuku. Ukimwuliza leo atakusimulia jinsi nilivyofufua mota, na mimi kila akisimulia natoka nje kwenda kutazama mbuzi.

Sasa Jumamosi ile, Mzee Athumani akiwa ameshika kiuno, nikataja kitu. Kwenye dirisha nikaona pakiti ya sabuni ya unga ya kufulia. Nikasema, "Nani anaweka sabuni hii kwenye mashine? Povu lake ndilo linaloua mfumo wa moto."

Hakuna mfumo wa namna hiyo. Nilibuni hapo hapo, na nilisema kwa sauti ya kitaalamu mpaka mimi mwenyewe nikakaribia kuamini. Sabuni ile ilikuwa ya Mama Shukuru ya kufulia madasta. Akasema, "Fundi, mimi sijaweka sabuni hiyo humo hata siku moja." Akasema mara mbili. Mzee Athumani alikuwa amegharamia hita, alikuwa amelalamikiwa sahani za mafuta na dereva wa basi mbele ya wateja, na alitaka mtu wa kumkasirikia. Jioni ile Mama Shukuru akaambiwa aende akapumzike kwao mpaka aitwe. Akafunga vitu vyake kwenye kanga, akaenda Mashewa kwa kaka yake. Hakuitwa.

Jumatatu asubuhi niliingia jikoni kabla mabasi hayajaanza kufika. Nilikuwa sina kitu kingine cha kutaja, sina cha kubadilisha, na sauti yako ilikuwa sikioni. Siku za boza. Nikatoka nje nikagonga tangi. Likalia kama debe tupu, maji yako chini kabisa. Nikarudi, nikawasha mashine, nikafungua mlango, nikamimina ndani jagi moja la maji kwa mkono wangu, nikafunga. Nikasikia kach. Kisauti kidogo tu. Baada ya dakika chache mlango ulikuwa wa moto.

Niliketi kwenye ndoo yako, Dija.

Utakwenda kusoma haya kwenye vitabu, lakini acha nikueleze kwa maneno ya nyumbani, kwa sababu ni yako kabla ya kuwa ya vitabu. Chini ya mashine ile kuna beseni. Pembeni ya beseni kuna mpira mwembamba unaopanda kwenye swichi. Maji yakijaa vya kutosha, yanasukuma hewa ndani ya ule mpira, hewa inabonyeza swichi, na swichi ndiyo inayoiruhusu hita kuwaka. Maji yakiwa machache, hita hairuhusiwi, kwa sababu ingewaka kavu na kuungua. Pampu inazungusha hayo hayo machache, ya baridi, na mtu wa nje anaona mashine inafanya kazi. Hita ilikuwa nzima. Swichi ilikuwa nzima. Zilikuwa zinasubiri maji.

Na maji yalizuiwa wapi? Nilifungua mpira mkubwa unaotoka ukutani. Mdomoni mwake kuna kichujio, kidogo kuliko cha chai, kimejaa mchanga na vipande vya chokaa. Tangi likijazwa na boza, maji yanashuka kwa nguvu, yanapenya. Tangi likipungua, yanachuruzika, na mashine haisubiri beseni lijae. Nilikisugua kwa mswaki wa zamani na ndimu ya jikoni. Nusu saa kazi imekwisha.

Ile hita ya kwanza niliipima baadaye hapa nyumbani. Nzima kabisa. Ndiyo iliyo juu ya rafu karibu na redio, ile uliyoniuliza ni ya nini nikakwambia ni chuma chakavu.

Mzee Athumani alipokuja na kuona mvuke, akauliza, "Ilikuwa nini, fundi?" Nikasema, "Swichi, Mzee. Ilikuwa na hitilafu, nimeirekebisha." Ningesema kichujio, angeuliza, kwa hiyo hita? Angeuliza, kwa hiyo sabuni? Uongo mmoja ulikuwa umeshikana na mwingine, na sikuwa na ubavu wa kuutoa wote hadharani siku moja.

Usiku huo hapa nyumbani, tukila, ukaniuliza vilevile. "Baba, ilikuwa nini hatimaye?" Ulikuwa na ule uso wako wa mtu aliyefanya hesabu na anangoja kusahihishiwa. Nikakwambia, "Mambo ya swichi tu." Ukasema, "Aah." Ukaendelea kuchambua miiba ya samaki. Mama yako akakuuliza mbona huli, ukasema umeshiba.

Nimelikumbuka lile "aah" siku nyingi kuliko ninavyoweza kukueleza.

Matokeo yakatoka, ukajaza fomu ya chuo, ukachagua umeme bila kunishirikisha. Nilipoiona nikafurahi mpaka nikaogopa. Ila badala ya kusema nimefurahi nikauliza, "Una hakika utaweza?" Nawe ukajibu, "Sijui, Baba. Hata ile mashine nilidhani nimeiona, kumbe sikuiona." Nikaitia sahihi ile fomu. Mtoto alisema sijui kwa moyo mweupe mbele ya fundi wa miaka ishirini asiyeliweza neno hilo.

Wiki iliyopita, ile Alhamisi niliyosema nakwenda Korogwe kutafuta nyaya, nyaya nilikuwa nazo. Nilikwenda Mashewa. Kwenye gari nilipanga maneno mazuri ya kumwambia Mama Shukuru, yenye kuzunguka kidogo. Nilimkuta uani kwa kaka yake anapukuchua mahindi. Akanitazama, akasogeza kigoda kwa mguu.

"Karibu Baba Dija. Mke mwenza hajambo?"

Maneno yote mazuri yakapotea. Nikamwambia moja kwa moja: haikuwa sabuni, nilijua haikuwa sabuni, ilikuwa kichujio, na nilinyamaza kwa aibu. Aliendelea kupukuchua. Gunzi la kwanza likaisha, la pili likaisha.

"Mimi nilijua siyo sabuni," akasema, "kwa kuwa sikuiweka. Hilo halikunisumbua sana. Mtu ukijua hukufanya, unalala. Aliyenisumbua ni mwanao."

"Dija?"

"Siku ninaondoka alinishika mkono pale nyuma ya tangi, akaniambia, Mama Shukuru, siyo sabuni, ni maji, nitamwonyesha baba. Nikasema sawa. Sikukuu ya Idi alipokuja huku kwa wajomba zake, akaja hapa. Akapiga magoti pale ulipoweka mguu wako. Akaniomba radhi. Anasema nilikupa tumaini la bure, baba amekuta ni swichi, mimi sikujua nilichokuwa nasema. Analia, Baba Dija. Nikamwambia nyamaza mwanangu, mashine tu hiyo. Hakunyamaza upesi."

Sikujua, mwanangu. Hukutwambia, si mimi wala mama yako. Ulipiga magoti kuomba radhi kwa kosa ambalo hukulifanya, na aliyelifanya yuko nyumbani anakunywa chai. Nililia pale uani kwa watu, na Mama Shukuru akaniachia nilie, hakuninyamazisha kama alivyokunyamazisha wewe. Mwisho akanitupia gunzi lenye mahindi. "Pukuchua basi, mikono isikae bure," akasema. Nikapukuchua naye mpaka debe likajaa.

Kurudi Segera sikupita nyumbani. Nilikwenda hotelini nikamwomba Mzee Athumani tukae kwenye meza ya nje, na watu wake wakiwepo. Nikamweleza yote, hita, sabuni, swichi ya uongo, na boza. Wale wapishi wawili walioanza kucheka siku ile walikuwepo, safari hii hawakucheka. Mzee Athumani ni mtu wa hasira, unamjua. Aliinuka, akaenda mpaka barabarani, akasimama akitazama malori, akarudi.

"Kwa hiyo mwaka mzima mimi nimemnyima mwanamke yule kazi kwa pakiti ya kufulia madasta."

"Ndiyo, Mzee."

"Na binti yako alisema mbele yangu, nikamsikia, nikacheka."

"Tulicheka wote."

Akaketi. Kisha akasema nimrudishie hita yake nzima, atainunulia kabati la vioo aiweke ukumbini ili kila fundi anayeingia pale aione. Sijui kama ni mzaha. Lakini Jumapili alikwenda Mashewa mwenyewe. Mama Shukuru alikuwa ameweka sharti kwamba harudi mpaka afuatwe, na mbele ya wasichana wa jikoni isemwe kwamba sabuni yake haikuua kitu. Ilisemwa. Ameanza kazi juzi. Wanasema siku ya kwanza aliingia, akaigonga ile mashine kichwani kwa upawa, akaiambia, "Ulijua unanitoa, eeh?"

Nimemaliza kukiri. Naona mwandiko umekuwa mbaya, mkono wangu haujazoea kushika kalamu muda wote huu, lakini moyo ni mwepesi na nina furaha, Dija, nataka ulijue hilo pia. Nina furaha ya kijinga leo. Naona begi lako pale mlangoni na najiona mimi ndiye ninayesafiri.

Sikwambii useme sijui kila unaposimama, watakuona huna kazi. Hata mimi sijui kipimo chake, nimeanza wiki hii. Ninachokuomba ni kwamba siku ukiwa wewe ndiye uliyelala chini ya mashine, na mtu mwenye povu mikononi akakwambia kitu ambacho hakiingii akilini, usimcheke kabla hujamwuliza ameangalia wiki ngapi. Wewe uliangalia wiki tatu. Mimi niliangalia dakika mbili. Uliona, mwanangu. Uliiona mashine ile kabla yangu, bila mita na bila bisibisi, na ulikuwa sahihi tangu sentensi ya kwanza.

Sasa kuna neno la mwisho, na ndilo lililonifanya niharakishe barua hii ifike juu ya begi lako kabla hujalala.

Mke Mwenza amenuna tena. Tangu Jumatatu maji ni ya baridi. Nilikwenda jana, nikatazama kichujio, kilikuwa safi. Leo asubuhi boza limekuja, nikarudi tena, tangi limejaa mpaka linamwagika, na bado baridi. Mzee Athumani akaniuliza, tena mbele ya wapishi wale wale, "Ni nini, fundi?" Nikamwambia, "Sijui, Mzee." Nikangoja dunia ipasuke. Haikupasuka. Akasema tu, "Sasa tunafanyaje?" Nikamwambia kuna mtu nitakuja naye kesho.

Basi lako linapita saa nne. Tukitoka hapa saa moja, tunayo nafasi ya kutosha. Mama yako nimemwambia, amekubali kwa sharti kwamba usichafue gauni la safari, kwa hiyo vaa lile koti langu la kazi juu yake. Mita nimeweka betri mpya. Sijagusa kitu kingine, kila kitu kiko kama kilivyolala. Utaanza kwa kumwuliza Mama Shukuru ameona nini.

Mimi nitashika tochi. Sitakumulika usoni.

Baba yako,
Jumaa